Pikipiki ya Mikate na Baridi ya Mwezi wa Saba

Lundi (Jumatatu), tarehe 7 mwezi wa saba

Mikate imetoka kwenye tanuru vizuri. Imeumuka, ina rangi. Pikipiki imekataa. Nabonyeza kitufe: tak, tak, kisha kimya. Baridi ya leo si mchezo. Kiki ya kuwashia kwa mguu ilivunjika zamani, kwa hiyo ni kusukuma tu. Trésor, mume wangu, amesukuma akiwa na koti juu ya pajama. Imewaka karibu na kona. Majirani wamepiga makofi, nami nimecheka mpaka nusura nimwage mikate.

Nimefika mtaa wa Karavia nimechelewa. Mama Odia, mwenye nyumba ya wageni anayenunua mikate yangu, alipokea mikate. Alitazama saa. Afadhali angepiga kelele.

Mardi, tarehe 8

Tena. Papa Ilunga, fundi wetu wa pikipiki, anasema batri imezeeka na baridi inaimalizia. Nimenunua mpya. Imewaka nilipogusa tu. Sauti tamu! Nimezunguka mtaa bila sababu yoyote.

Jioni Trésor amefungulia redio aliyoifunga chini ya kiti cha pikipiki juzijuzi. Yeye hutengeneza simu sokoni, na redio hiyo ni zawadi yake kwangu, ili nisichoke njiani. Tumecheza uani na makoti yetu. Nina mume mzuri.

Mercredi, tarehe 9

Imewaka, lakini kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Nimejiambia ni baridi. Sikutaka kujiambia kingine.

Jeudi, tarehe 10

Imekufa. Batri mpya! Nimepiga tairi teke, nimeumia kidole. Tumesukuma, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Leo Mama Odia ameongea, kuhusu Jumamosi ya keshokutwa. "Mama Mado, samedi niko na bageni ba ndoa, nyumba yote itajala. Kama mukate haiko hapa mbele baamuke, nitatafuta muntu mwingine. Usikasirike, mama."

Sikukasirika. Niliogopa. Bila yeye, hilo tanuru naliwashia nani?

Nimerudi moja kwa moja kwa Papa Ilunga. Amesafisha vichwa vya batri, amekaza nyaya zote. Halafu ameweka mashine yake ya kupimia umeme huku injini inanguruma. Namba zikapanda. Kwa hiyo pikipiki inachaji vizuri. Amekuna kichwa.

"Batri iko muzima. Inalala na nguvu, inaamuka na njaa. Kuko kintu inaikula bushiku."

Kitu gani kinaila usiku? Hajui. Mimi pia sijui. Nimekanda unga kwa hasira. Pengine mikate ya kesho itakuwa migumu.

Vendredi, tarehe 11

Nimejua!

Alfajiri nilitoka kuchukua makaa. Bado giza. Chini ya kiti nikaona nukta nyekundu. Redio. Imezimwa, funguo ziko mfukoni mwangu, lakini taa yake inawaka. Nikafuata waya kwa kidole. Unatoka kwenye redio, unaingia moja kwa moja kwenye batri. Haupiti kwenye kontakti, swichi ya funguo, hata kidogo. Usiku kucha inanyonya.

Kumwambia Trésor ndiyo ilikuwa kazi. Ameweka kikombe chini.

"Karadio kadogo vile? Kanakula nini?"

Amenuna mpaka chai ikapoa. Nilihuzunika, maana najua aliifunga kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayawashi injini. Nimemwomba aitoe usiku mmoja tu, tuone. Amekubali kwa sharti: isipowaka kesho, nimwombe msamaha mbele ya Papa Ilunga. Nimekubali.

Mchana Papa Ilunga ameijaza batri. Anasema wakati wa joto redio ingekula vilevile na tusingejua. Baridi hii inaipunguzia batri nguvu, na mafuta ya injini yanakuwa mazito, kwa hiyo demara, mota ya kuwashia injini, inaomba nguvu nyingi zaidi. Jioni Trésor mwenyewe ametoa waya. Uso kama wa mtu anayeng'olewa jino.

Nina wasiwasi. Kama si redio, nimeumiza mtu bure na mteja nimempoteza.

Samedi, tarehe 12

Baridi kuliko siku zote. Pumzi zinatoka moshi. Nimefunga mikate na blanketi. Trésor amesimama mlangoni, mikono kwapani.

Nimegeuza funguo. Nimebonyeza.

Imewaka! Mara moja! Nimepiga kelele, lakini Trésor amepiga zaidi yangu, amesahau kabisa kwamba ni yeye aliyeshindwa. Amenikumbatia na kofia yangu ya chuma kichwani.

Karavia nimemkuta mlinzi bado anaota moto. Mama Odia amefungua mlango na kilemba cha kulalia. "Eh! Weye haukulala?" Amebonyeza mkate mmoja, bado moto, amecheka. Baadaye baba wa bwana harusi ametoka kuuliza mikate hii inatoka wapi. Lundi naendelea kama kawaida.

Mchana, bila kuombwa, Trésor amerudisha redio na kupitisha waya kwenye kontakti. Ukizima funguo, nayo inazimika. Hakusema pole. Alikuwa anapiga mluzi. Imenitosha.

Dimanche, tarehe 13

Leo hakuna mikate. Nimeamka jua limeshaingia dirishani, na upande wa Trésor hakuna mtu. Nikasikia pikipiki uani. Ikawaka, ikanguruma kidogo, ikazimwa. Akarudi, akaingia chini ya blanketi, akaweka miguu yake ya barafu juu ya yangu.

"Inawaka," akasema.

"Najua."

Tukalala tena.