Treni Nisiyowahi Kuipanda

Mjini Ibra, Ijumaa, baada ya magharibi. Jua limeshakuchwa lakini joto limekataa kuondoka, na mimi nimejifungia chumbani na kanzu yangu ya posa, sina hamu hata ya kuivua.

Nimeona haya leo. Haya ya kutaka kuingia uvunguni.

Mchana tulikwenda Nizwa, mimi na Khalo Hamdun, kaka yake mama, kumposa Rayya. Rayya ni mfamasia huko, na tulijuana kwa blogu hii hii. Wanaonisoma wanajua kwamba hapa huandika habari za treni za Kijapani, na kwamba kwenye ukurasa wa mwanzo nimesema wazi: sijapata kupanda treni yoyote maishani mwangu. Nchi yetu hii ya Uarabuni haina treni ya abiria, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Unguja, kwa ndege. Rayya aliniandikia mara ya kwanza kwa sababu ya maneno yale. Alisema wanaume wanaokiri wasichokijua ni wa kutafuta kwa tochi.

Basi tukapokewa vizuri. Tende, halua, kahawa. Kisha Mzee Nassor, babake Rayya, akauliza habari. Kwetu mgeni akiulizwa habari hujibu kwamba hapana habari ila ya kheri, hata kama ameacha nyumba inaungua. Khalo akajibu hivyo, kwa madaha yake yote. Mzee akanigeukia mimi.

"Na wewe baba, shi ulum? Una habari gani?"

Nilikuwa nimeshikwa na kiwewe, na kichwani mwangu mlikuwa na kitu kimoja tu, treni ya Kijapani iitwayo 201, ambayo nilikuwa nimemaliza kuandika historia yake. Nikasema habari ni kwamba 201 imestaafu. Khalo akanikanyaga mguu. Nikaendelea.

Nikawaeleza kwamba ilizaliwa baada ya mafuta kupanda bei duniani, Wajapani wakataka treni ya mjini isiyokula umeme mwingi. Dereva akipunguza mwendo, mota zake hugeuka zikazalisha umeme na kuurudisha kwenye waya za juu, treni nyingine iutumie. Kila njia ilikuwa na rangi yake: ya chungwa Tokyo, ya njano, ya samawati, na ile ya kijani iliyomalizia maisha yake upande wa Osaka na Nara. Ila kuiunda kulikuwa ghali, kwa hiyo haikupita miaka mingi akazaliwa mdogo wake, wa chuma kisichoshika kutu, rahisi zaidi, akachukua nafasi. Ya zamani ikabaki inapeleka watu kazini na kuwarudisha mpaka ilipochoka.

Nilitazamia wacheke. Hawakucheka. Mzee Nassor aliweka kikombe chini akasema kwamba marehemu mama yake alikuwa akihadithia gari la moshi la Bububu, kule Unguja, na mama mwenyewe pia alihadithiwa tu, kwani alipozaliwa reli ilikuwa imeshang'olewa.

"Sisi humu hapana hata mmoja aliyepanda," akasema. "Wewe umepata kulipanda hilo lako?"

Alikuwa amenirahisishia. Ningesema "hapana, Ammi" tukawa sawa sote, majlisi nzima ya watu wasiopanda treni.

Nikasema ndiyo.

Na sikuishia hapo. Nikasema nilikaa kwenye benchi refu la watu saba, pale katikati ambapo kitambaa kina rangi nyingine ili watu wajipange vizuri. Benchi lile nimeliona kwenye video. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha kama mtoto, akawaambia nduguze, "Mnamsikia? Huyu keshafika!" Nami, Mungu anisamehe, niliona raha. Nilitaka nionekane mtu mbele ya wale wazee, basi.

Pazia la mlango wa ndani lilikuwa linacheza. Nilijua nani yuko nyuma yake.

Njiani Khalo alikuwa akinisifu, anasema posa imekwisha kukubaliwa, bado kutamkwa tu. Uongo ungekuwa wangu peke yangu ningejua namna ya kuubeba, lakini tulipofika Ibra nilikuta ujumbe wa Rayya:

"Baba kaniuliza kama ni kweli, maana anajua nakusoma. Nimemwambia ndiyo, ni kweli. Sijapata kumdanganya baba yangu kabla ya leo."

Hakuna tusi ndani yake, na afadhali angenitukana. Hajawa mke wangu, nimeshamfundisha kusema uongo nyumbani kwao.

Nilimjibu kwamba kesho nitakwenda kwa baba yake nimweleze yote, hata posa ikivunjika. Nilijiona shujaa kidogo nilipoandika hivyo. Jibu likaja upesi:

"Mimi sitangoja mpaka kesho. Yuko sebuleni anasoma gazeti, nakwenda kumwambia sasa hivi. Sitaki kulala na uongo huu."

Nimelisoma nikiwa nimekaa kitandani. Yeye mwenye kosa dogo ameinuka, mimi mwenye kosa lenyewe nimeahirisha kulikiri mpaka asubuhi, tena baada ya kahawa.

Nachapisha haya kama yalivyo, kisha nachukua ufunguo wa gari. Nizwa ni mwendo mrefu kutoka hapa, lakini kesho nitakuwa nimeshachelewa.