Maziwa ya Mama Daphrose

Ruziba, Bujumbura, tarehe 14 Januari 2001

Mama mupenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu Ruziba. Mi na bwana yangu Méthode tunaamka, tunalala, tunashukuru Mungu kwa hiyo. Na we, miguu inakuuma bado? Na Papa, ile kikohozi imemuacha? Barua hii anakuletea Mwanasiti, yule mama wa Buyenzi anayeuza vitenge huko Uvira. Ukiwa na jibu, mupe siku ya Alhamisi, mbele hajavuka mpaka wa Gatumba.

Mama, nakuandikia juu ya Benite. Tangu Noeli mutoto hana nguvu. Alipata malaria, akapona, kisha tumbo ikaanza kumuendesha, na mpaka leo haijasimama. Ana miaka mitatu, lakini nikimubeba nasikia kama nabeba mutoto wa mwaka mumoja.

Unajua mama mukwe wangu, Mama Daphrose, anakaa na sisi tangu mwezi wa kumi. Vita ilimukuta kule juu kwenye vilima, akashuka na ng'ombe mumoja tu. Tumemufungia nyuma ya nyumba. Kila asubuhi Mama Daphrose anakamua, anajaza kikombe kikubwa, anamupa Benite mbele sisi wengine hatujaonja hata chai. Anamwambia: "Kunywa, mwana wanje, mutoto wangu, hii ndiyo itakurudishia mwili."

Saa moja haipiti, tumbo ya mutoto inavimba kama ngoma, analia, anaendesha. Muganga wa dispanseri alisema niongeze maziwa, kwa sababu mutoto amekonda. Jirani yangu Chanelle anasema nipunguze. Muuza dawa wa sokoni anasema maziwa na vidonge havipatani. Méthode naye, sawa vile ni mwalimu, alinisomea kitabu cha shule: maziwa inajenga mifupa. Mifupa ndiyo naiona sasa, Mama, yote, bila kitabu.

Nimepotea kabisa. Najaribu kukumbuka kama sisi wenyewe tulikunywa maziwa pale nyumbani, na sikumbuki hata kikombe kimoja. Niambie kweli: maziwa ni muzuri kwa mutu ao apana?

Binti yako,
Lisette


Uvira, tarehe 22 Januari 2001

Mutoto wangu Lisette,

Tunakusalimu we, bwana yako na mujukuu wangu. Miguu yangu inaniuma asubuhi, kufika muchana inanisahau. Papa yako anakohoa, lakini anagombana na kila mutu, basi yuko muzima.

Nimesoma barua yako mara mbili. Jibu langu ni fupi: usimupe tena.

Kwetu hatunywi maziwa. Nyanya yako hakunywa, mi sinywi, nyinyi wote niliwalea na ndagala wa ziwa, muhogo na majani ya lengalenga, na hakuna aliyepinda mifupa. Maziwa ya ng'ombe Mungu aliiweka kwa ndama. Umeshaona wapi ng'ombe mukubwa ananyonya? Hata yeye mwenyewe akikomaa anaacha. Sasa mutu ataitaka ya nini?

Mupe uji wa mutama. Mupe maji ya muchele yenye chumvi kidogo. Saga ndagala, changanya. Na mama mukwe wako usibishane naye. Pokea kikombe kwa mikono miwili, sema asante, kisha fanya vile mi nakwambia.

Mama yako muzazi,
Geneviève


Bujumbura, tarehe 9 Februari 2001

Mama,

Nakusalimia, na Papa pia. Samahani kwa mwandiko, naandikia kwenye magoti.

Nilifanya vile ulisema. Kila asubuhi nilipokea kikombe, nikasema asante, nikamupelekea Chanelle kwa mulango wa nyuma. Yeye ana watoto wane, na tumbo zao zinapokea kila kitu. Siku kumi hivi. Halafu Jumapili, tukitoka kanisani, Chanelle akamushika Mama Daphrose mukono mbele ya watu wote: "Mama, Mungu akubariki kwa ile maziwa unatutumia."

Mama Daphrose hakupiga kelele. Ningependa apige. Tulipofika nyumbani aliniuliza tu:

"Lisette, maziwa yangu inanuka?"

"Apana, Mama."

"Basi ni mimi ninanuka?"

Nilishika sufuria nikaondoka. Méthode alinifuata jikoni. Akasema: "Mama alikimbia risasi ameshika kamba ya ng'ombe. Aliacha nguo, aliacha sufuria, aliacha picha ya marehemu baba. Unafikiri alimuleta huyu ng'ombe kwa ajili ya nani?" Yeye na mama yake hawajasema na mi tangu siku ile, isipokuwa maneno ya kazi.

Na mutoto hakupona, Mama. Hiyo ndiyo inanichanganya. Kuendesha kulipungua, kweli, lakini uji anaukataa, na miguu ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kidole, shimo inabaki. Jumatatu nilimuleta huku mjini, kwenye kituo cha lishe cha masista. Wakamupima mukono na utepe wenye rangi, ukasimama kwenye nyekundu. Wakasema tubaki.

Na unajua dawa gani wanampa? Maziwa. Kikombe kidogo cha plastiki, kila masaa matatu. Nikamwambia sista kwamba tumbo ya Benite haipendi maziwa. Akasema: "Hii ni dawa." Nikasema naona ni maziwa. Akasema: "Ni maziwa, lakini ni dawa." Hapa kuna watoto waliokuja wamebebwa kama nguo, na leo wanakaa wenyewe. Na kuna wengine ambao mama zao wamerudi bila wao. Wote walikunywa kikombe kile kile.

Jana Benite aliendesha mara tatu. Leo mara mbili. Niko na kikombe mukono huu, na barua yako mukono huu. Nijibu mbio.

Binti yako,
Lisette


Uvira, tarehe 13 Februari 2001

Lisette,

Leo sikusalimii, Mwanasiti anasimama mulangoni anangoja.

Mutoe pale. Usiombe ruhusa, usieleze kitu. Beba mutoto urudi nyumbani. Mi najua ninachosema.

Mama yako


Uvira, tarehe 20 Machi 2001

Mutoto wangu,

Nakusalimia bila kujua nasalimia nani na nani hapo nyumbani.

Ni wiki tano. Wamefunga Gatumba, wakafungua, wakafunga tena. Mwanasiti amefika mara mbili mikono mitupu, anasema njia ya Ruziba haipitiki. Papa yako kila asubuhi anaenda kusimama kando ya ziwa, anasikiliza mabomu ya huko kwenu, anarudi, hanywi chai yake. Ananiuliza: "Ulimuandikia nini yule mutoto?" Namwambia nilimuandikia salamu.

Lisette, ile barua ya mwisho niliiandika nimesimama. Sijui kama ulinifuata. Usiku na muchana naomba kwamba ulinifuata, kisha naomba kwamba hukunifuata. Nimekuwa kama mutu anayevuta kamba pande zote mbili.

Niandikie hata neno moja. Kama ni neno baya, andika tu.

Mama yako


Ruziba, tarehe 2 Aprili 2001

Mama,

Benite yuko hai. Nimeanza na hiyo juu najua unaruka kila kitu kuitafuta. Sasa nakusalimia, na Papa umusalimie sana.

Nilikufuata. Nilipopata barua yako nilingoja sista aingie kwa watoto wengine, nikamufunga Benite mugongoni, nikatoka. Nilijisikia mwerevu. Nilisema moyoni, mama yangu hawezi kusema "najua" kama hajui.

Siku iliyofuata wapiganaji walishuka kutoka vilimani na barabara ya mjini ikafungwa. Siku tisa, Mama. Mutoto hakutaka uji, hakutaka ndagala, maji ya muchele alitema. Ngozi ya miguu ilianza kutoka kama ganda la kitunguu. Alikuwa ananiangalia tu, halii tena. Ningetoa mukono wangu ili alie.

Mama Daphrose alikuwa hasemi na mi. Lakini siku ya tano alikuja akakaa chini karibu na mukeka, akaniuliza: "Nimupe kidogo?" Nikasema sijui. Ndiyo maneno yote niliyokuwa nayo, sijui. Na yeye akasema: "Hata mi sijui tena. Nilifikiri najua." Tukakaa wanawake wawili na maziwa kati yetu, hakuna aliyethubutu kugusa kikombe.

Siku ya kumi, asubuhi, tukasikia magari ya askari yanapita, kisha kimya. Méthode akasema tungoje hakika. Mama Daphrose alikuwa ameshavaa viatu. Alimubeba Benite mugongoni, akashika barabara kwa miguu, mi nyuma yake nabeba maji. Umri ule, Mama, na viatu vya plastiki. Kwenye kizuizi askari akamuuliza anaenda wapi. Akageuka tu akamuonyesha mugongo. Yule askari aliangalia mutoto, akatoa kamba njiani.

Sista alinitambua. Hakunigombeza. Alimuomba Mama Daphrose akae, akampa kijiko na kikombe. Siku nne mama mukwe wangu alimupa maziwa kijiko kwa kijiko, na kila kijiko aliniangalia kwanza, kama anayeomba ruhusa. Siku ya tano Benite alilia, alitaka ndizi.

Nilimuuliza muganga wao mukubwa, yule mwenye miwani: maziwa ni muzuri kwa mutu ao apana? Akacheka kidogo. Anasema tumbo ya mutoto ikishaumizwa na ugonjwa, inapoteza nguvu ya kupokea maziwa, na kikombe kikubwa cha nyumbani kinaizidi. Yao imepimwa, imechanganywa na mafuta na sukari, inaingia kidogo kidogo. Anasema watu wengine wakikomaa tumbo zao zinakataa maziwa na hawana ugonjwa wowote, na wengine wanakunywa mpaka uzee. Nikamuuliza: "Na Benite ni wa upande gani?" Akasema: "Bado hatujui, mama. Tutamwangalia." Nilitembea kilometa zote zile ili kusikia "hatujui".

Sasa yuko nyumbani. Anakula. Lakini Mama, kuna kitu kinanisumbua na sitakificha. Wote walisema "nafikiri". Muganga wa dispanseri alifikiri, Chanelle alifikiri, hata kitabu cha Méthode nafikiri kilifikiri. Ni wewe peke yako uliandika "najua". Ulijua nini?

Lisette


Uvira, tarehe 11 Aprili 2001

Mutoto wangu,

Nasalimia nyumba yako yote. Mama Daphrose musalimie kwanza, mbele ya wengine.

Papa yako aliposikia mutoto yuko hai alikaa chini mbele ya mulango, akafunika uso na kofia. Mi nilienda jikoni. Nimechukua siku saba kuandika hii.

Mbele wewe hujazaliwa, kulikuwa mutoto. Jina lake Fortunat. Wakati wa vita ya mwaka wa sitini na ine tulikimbia Uvira, tukajificha kwenye misitu upande wa Fizi. Alikuwa na miezi kumi na maziwa yangu ilikuwa imekauka kwa njaa. Sista mumoja wa misioni alikuwa amenipa mukebe wa maziwa ya unga, na akaniambia: chemusha maji kwanza. Lakini kule msituni hatukuwasha moto, juu moshi ungetuonyesha. Nilichanganya na maji ya kijito, vile ilivyokuwa. Siku ya ine Fortunat alikufa.

Papa yako alitukuta baada ya wiki mbili. Aliniuliza, nikamwambia: ni maziwa. Nikawaambia watu wote ni maziwa. Nyinyi mulipozaliwa sikuleta maziwa nyumbani, na hakuna aliyeuliza. Miaka thelathini na saba nimesema hivyo, mpaka nikawa naamini.

Labda ilikuwa maji. Labda maziwa kweli. Labda ni homa, watoto wengi walikufa kule bila kuonja kitu. Sijui, Lisette. Nilikuandikia "najua" na sikujua. Nilikuwa naona mukebe ule ule mukononi mwako.

Papa nimemwambia jana, ile habari ya maji. Alivua kofia yake. Kisha akasema: "Na mi ningefanya vile vile, Geneviève. Moshi ungetuua wote." Sijui kama anaamini hivyo ao ananihurumia.

Kama hutaki kunijibu, nitaelewa.

Geneviève, mama yako


Ruziba, tarehe 24 Aprili 2001

Mama mupenzi,

Nakusalimia, na Papa pia. Hapa tuko wazima, na safari hii ni kweli.

Nilikasirika siku tatu. Sikukasirika juu ya Fortunat. Nilikasirika juu nilikuwa na kaka na hukuniambia, na juu nilimubeba mutoto wangu nikamutoa kwenye uzima kwa neno ulilolitoa kwenye kaburi la kaka. Siku ya ine nilichoka kukasirika. Mama Daphrose aliniona naisoma barua tena, akaniuliza kama kuna mutu amekufa. Nikasema ndiyo, zamani. Nikamugeuzia yote kwa Kirundi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Mwambie mama yako, mi nilikuwa najaza kile kikombe juu niliogopa. Sikuwa na kitu kingine cha kumupa mutoto. Hata nilipomuona anavimba nilisema aongeze." Akalia, na sijawahi kumuona analia, hata siku aliyoshuka kutoka vilimani.

Sasa hapa kwetu mambo iko hivi. Mama Daphrose anagandisha maziwa kwenye kibuyu, anamupa Benite vijiko viwili, na tumbo inapokea. Ya kawaida, ikichemushwa, bado inamuvimbisha. Mi mwenyewe nilijaribu kikombe kimoja nikakosa raha siku nzima, kumbe hata mi tumbo yangu haitaki, na sikujua mpaka leo. Méthode anakunywa nusu lita na anaimba. Mama Daphrose anasema tatizo ni damu yetu ya wavuvi. Chanelle anasema ni malaria. Kila mutu ana maneno yake na hakuna anayekubali ya mwenzake.

Njoo mubishane nyinyi wenyewe, Mama. Mi nimechoka kuwa njia ya maneno yenu. Benite anauliza kila siku huyu nyanya wa barua ana sura gani.

Mpaka unafunguliwa saa mbili asubuhi. Méthode atakungoja Gatumba, upande wetu, Jumamosi. Wakifunga, atarudi Jumapili. Wakifunga tena, atarudi Jumatatu, wanafunzi wake watamungoja.

Mutoto wako,
Lisette