Walivyouliza Mimi ni Nani Wake

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za hapo Mbalibali, na kifua chako kinaendeleaje? Mimi mzima. Mama Bhoke yuko hai. Barua hii nimempa mama mmoja wa Natta aliyeruhusiwa leo, maana kwenye simu naanza kusema halafu nanyamaza tu.

Mguu wake wa kushoto wameukata, juu ya goti. Nakueleza ilivyokuwa, usije ukasikia kwa watu.

Siku tuliyofika hapa Mwanza na barua ya rufaa, karani wa mapokezi aliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nyuma yangu foleni, watu wanasikiliza. Ningemwambia nini? Kwamba huyu mwanamke ndiye aliyeleta ng'ombe kwetu, akanioa nyumba ntobhu, mwanamke kwa mwanamke kwa mila yetu, kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, na wanangu watatu ni wa mji wake? Huku hawayajui hayo, wangecheka. Nikasema, "Mimi ni dada wa kazi." Akaandika.

Kidonda kilikuwa cha vidole tu. Siku ya pili sukari ikapanda, akawa hajitambui, daktari akasema vidole vikatwe haraka. Nesi akaleta fomu ya kukubali upasuaji, akaangalia faili, akairudisha fomu kwapani. "Dada wa kazi hawezi kusaini. Ita ndugu."

Nikamwambia mimi ni mke wake.

"Jana dada wa kazi, leo mke. Kesho?" Wala hakusema kwa ubaya. Alikuwa peke yake wodi nzima, amechoka.

Nikampigia Chacha, mtoto wa shemeji yake, kule Nyamisangura. Alifika baada ya siku tatu. Kitanda cha pili alilazwa mke wa mwalimu mkuu, kidonda kama kilekile. Mumewe alisaini asubuhi, saa sita wakampeleka kwenye upasuaji. Amepoteza vidole viwili, na juzi alikwenda msalani mwenyewe. Chacha aliposaini, uozo ulikuwa umeshapanda. Akarudi na basi la mchana.

Majuto ni mjukuu, huwa unasema. Wangu hakukawia. Silii, mama. Nafua kanga, nakoroga uji, namgeuza mgonjwa. Nikiikasirikia ile fomu yao, nakumbuka mdomo wangu.

Nisalimie baba. Dada Wankuru anayenilelea watoto, mwambie ahsante, asichoke. Wanangu waambie bibi yao Mama Bhoke anapona. Habari ya mguu nitawaambia mwenyewe.

Jana aliamka akili zimetulia. Akapapasa shuka pale mguu ulipokuwa, akauliza nani aliruhusu. Nikasema Chacha.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikamdanganya kuwa nilikuwa nimeenda kuchota maji ya moto. Akanishika mkono.

"Sawa, mke wangu," akasema. "Ungekuwepo ungewaambia."

Mwanao,
Robi