Siku Tulipozizima Seva za Karakana Makusudi

Karakana ya Viatu,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za sisi uliotuacha na vumbi la ngozi. U hali gani huko? Wifi yangu amepona kile kikohozi? Na wale mabwana wadogo wawili, bado wanagombania kitanda cha juu? Waambie shangazi yao anawabusu hata kama hawataki. Sisi hatujambo. Baba naye mzima, ila macho ndiyo yameshaaga kabisa. Siku hizi anatutambua kwa vishindo vya miguu, na hakosei.

Sasa tulia nikuhabarishe, maana haya yanakuhusu. Mwezi uliopita bomba la bafu la ghorofani lilipasuka. Maji yakashuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka kwenye kile kijichumba cha chini ya ngazi ulikoweka sanduku la seva. Tulikuta yamebakisha upana wa kidole tu kulifikia. Nyundo, fundi wetu, alipiga deki huku akimshukuru Mungu. Mimi nilishukuru baadaye, kwanza nilitaka kujua yangelifikia ingekuwaje.

Nikakaa kwenye kompyuta nikafuatilia nakala zetu zinakwenda wapi. Mdogo wangu, nilicheka, halafu nikanuna. Ulituachia seva nne: ya vipimo, ya oda, ya hesabu, na ya bakapu, ile ya kutunza nakala. Miaka yote hii Baba anawaringia wateja kwamba tuna seva nne. Kumbe zote ni seva pepe, nne kwenye skrini tu, zinaishi ndani ya sanduku moja hilohilo! Bakapu ilikuwa inalala kitanda kimoja na kile inachokilinda. Sanduku likifa, linakufa na nakala yake. Najua ulikuwa na haraka ya ndege, sikulaumu, lakini ukija utapiga deki mwaka mzima.

Unajua kilichokuwa hatarini. Si oda, oda mteja ataleta nyingine. Ni vipimo. Ni miguu ya watu waliovunjika, waliozaliwa na nyayo zilizopinda, wale wanaokuja kwetu kwa sababu maduka mengine hayana kiatu chao. Baba aliipima kwa mkono wake maisha yake yote, na ile michoro ya karatasi, baada ya kuiingiza kwenye mashine, ililiwa na mchwa. Nyundo anashona vizuri sana, ila kupima kama Baba hajui, na mimi ndiyo kabisa. Vikipotea, hakuna wa kuvirudia.

Basi nikajifunga kibwebwe. Kwanza niliamua tunaweza kuvumilia nini. Kupoteza kazi ya siku moja, sawa. Karakana kusimama nusu siku, sawa. Zaidi ya hapo, hapana. Vipimo virudi kwanza, oda zifuate, hesabu zisubiri. Kila jioni nakala moja inakwenda kwenye mashine ndogo nyumbani kwangu, ambako shemeji yako analalamika kwamba inampokonya nafasi ya miguu chini ya meza. Nyingine inaingia kwenye diski, na Nyundo akimaliza anaichomoa na kuifungia kabatini, maana kilichochomolewa hakiambukizwi virusi. Ya tatu nitaifikia. Na ili diski zisijae, niliwaondoa kwenye nakala hizo wateja waliokwisha kufariki. Niliona hiyo ni akili. Nani atamshonea marehemu kiatu?

Kazi ikabaki kwa Baba. Nilimwambia nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu, kwa hiyo tuzizime seva zote makusudi tuone kama tutaweza kuzirudisha. Alikataa katakata. Akaniuliza tangu lini mtu akaua kilicho hai ili aone kama kitafufuka. Nikamjibu kwamba tukilizima wenyewe sanduku liko palepale, tutaliwasha tena, ila likizimwa na maji ndiyo basi. Tulibishana milo miwili mizima. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba mtahini awe yeye. Atataja mteja, mimi nimtoe.

Jana tukafunga duka, nikazima. Feni za sanduku zilipokoma Baba aligeuza kichwa, ukimya ule haukumpendeza. Nikawasha ile mashine ndogo niliyoibeba kutoka nyumbani, nikaanza kurejesha. Kabla ya chakula cha mchana seva ya vipimo ilikuwa imesimama upya. Baba akamtaja mwalimu wa muziki aliyekatika kidole gumba cha mguu, nikamsomea. Akamtaja dereva mwenye mguu mmoja mfupi, nikamsomea. Nyundo akaanza kupiga makofi, na mimi nikajiona ndiye mimi.

Halafu Baba akasema, "Nisomee mguu wa mama yenu."

Mama hakuwemo. Nilikuwa nimemwondoa kwa mkono wangu pamoja na marehemu wengine, na wala sikukumbuka kwamba naye ni mmoja wao. Nilimwambia Baba ukweli. Hakugomba. Aliinamisha kichwa tu, na afadhali angenichapa.

Nikakimbia chini ya ngazi nikaliwasha sanduku la zamani. Nikamkuta. Nikasoma kisigino, unyayo, na kile kifundo cha pembeni kilichokuwa kikimsumbua kila akitembea sana. Baba alinyoosha viganja viwili mbele yake, akawa anavitenga na kuvisogeza kadiri nilivyosoma, mpaka vikatulia. Tulilia, mimi na Nyundo, wala sioni aibu kukuambia.

Tangu leo haondolewi mtu. Tunaweka diski kubwa zaidi, na jaribio tutalirudia mara kwa mara, mtahini akiwa yuleyule. Sasa bomba lipasuke, umeme uruke, sisi tutasimama. Mpango wangu ulikuwa mzuri na sasa ni mzuri zaidi, usitegemee nitajishusha.

Shemeji yako anakusalimu, anasema ukituma viatu tena uulize namba kwanza. Nyundo anakusalimu na anaulizia lini unakuja kushika ufagio. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na akurudishe kwetu salama.

Limebaki moja. Nakala ya tatu inatakiwa ikae mbali na hapa, na mbali tuliyo nayo ni wewe. Acha mashine yako ikiwa imewashwa, nywila nitakupa kwa simu. Nilimuuliza Baba tuanze kukutumia kipi, nikidhani atasema wateja wa mwaka huu. Hakufikiri hata kidogo.

"Atangulie mama yake," alisema. "Sisi tulimzika. Yeye hata kumuaga hakumuaga."

Basi huyo ndiye atakayefika wa kwanza. Mpokee.

Wako akupendaye,
Dada yako.