Kaburi Moja Tu

Jumatatu, 3 Februari

Zamu ya ulinzi getini, hapa Dubai, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Wapangaji wa Silicon Oasis wanapita na kahawa zao, wachache wanaitikia salamu. Nimezoea. Wakati wa mapumziko nikakuta ujumbe wa sauti wa kaka yangu, Njoroge. Miezi mitano kimya, leo mimi ni "sis yangu mpendwa". Nikajua kuna kitu.

Kaunti yetu kule Kenya inataka kununua shamba letu. Si la kujenga. Inanunua mashamba yaliyobaki pembeni mwa mji ili yabaki wazi, yalimwe, yasikatwe ploti. Mama ataruhusiwa kulima mpaka mwisho wa uhai wake. Kinachokosekana ni sahihi yangu.

Yangu! Baba alipofariki, Njoroge aliandikisha warithi wawili: Mama na yeye mwenyewe. Anasema alisahau. Kamsahau dada aliyezaliwa naye tumbo moja. Ila kaunti ilitaka barua ya chifu, na chifu akaorodhesha watoto wote, hata mimi wa kike. Nimecheka peke yangu mpaka mpangaji mmoja akageuka kunitazama.

Jumatano, 5 Februari

Fomu imefika kwenye simu. Nimeisoma mara mbili ndani ya basi la kampuni, njia nzima mpaka bwenini kwetu Muhaisnah. Ukurasa wa nne: makaburi yaliyopo yatazungushiwa ua na kutunzwa. Kaburi jipya haliruhusiwi.

Baba amelala pale, mwisho wa shamba, upande wa mto. Mama ana miaka sabini na nane.

Sikula.

Ijumaa, 7 Februari

Siku yangu ya mapumziko. Simu za mtandao hapa hazipiti, kwa hiyo mimi na Mama tunarushiana sauti. Leo alikuwa anahema, katoka kupalilia viazi. Anataka kaunti inunue. Anasema akifa bila hivyo, Njoroge atakata ploti kabla udongo haujakauka juu yake, na Baba atajengewa choo kichwani. Kisha nikasikia ng'ombe.

"Sasa mwanangu, mimi wataniweka wapi?"

Njoroge alimsomea kurasa tatu tu. Wa nne kasomewa na jirani.

Nimelia bafuni. Chumbani tuko sita.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemweleza Saumu, wa kitanda cha chini, Mzanzibari anayesafisha maofisi. Akashangaa kweli. "Shoga, wagombea shimo? Kwetu mtu huzikwa alipofia, siku ile ile, khalas."

Hakuwa na ubaya. Nilikasirika hata hivyo, nikampa mgongo. Kwetu maiti husafiri. Mkenya akifa hapa tunahangaika mpaka apande ndege, akalale kwa babake. Ndivyo tulivyo.

Jumanne, 11 Februari

Nimempigia afisa wa ardhi wa kaunti, kwa simu ya kawaida. Mwanamke mpole, anaongea kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nikamwambia sitatia sahihi mpaka Mama aruhusiwe kuzikwa kando ya Baba. Akasema kanuni ni moja kwa mashamba yote. Orodha inafungwa tarehe ishirini. Ambaye hajakamilisha, shamba lake linaachwa na la mwingine linachukuliwa.

Nikasema apeleke neno langu kwa kamati yao.

Ijumaa, 14 Februari

Njoroge tena. "Sis, unatuharibia. Uko huko Dubai, shamba unalijulia wapi? Sign tu, bana!"

Sijamjibu. Kinachoniuma ni kwamba huenda yuko sawa. Kamati ikikataa na mimi nikakaza shingo, Mama anakosa vyote viwili, shamba na kaburi. Mimi ndiye nitakuwa nimemkosesha.

Namchukia Njoroge leo. Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 17 Februari

Kamati haijajibu.

Getini nimepitisha lori la mchanga bila kuandika namba yake. Madam msimamizi kanifokea mbele ya watu. "Yes, madam." Na bado ikabidi nimwombe ruhusa ya Jumatano asubuhi, maana fomu lazima nitie sahihi kwenye ubalozi mdogo wa Kenya hapa Dubai, mbele ya afisa wao. Akasema inshallah. Kwa madam huyu, hiyo ni hapana yenye adabu.

Jumatano, 19 Februari

Afisa wa ardhi kapiga simu mapema, nikiwa getini. Kamati imekubali kaburi moja. La mjane, basi. Akaniuliza kama nimeelewa: Njoroge, mimi, watoto wetu, hakuna atakayezikwa pale.

Nikasema nimeelewa. Uongo. Miaka kumi na moja niko hapa, na kila nilipougua nilijipa moyo kwamba likitokea la kutokea nitapelekwa pale, upande wa mto, kwa Baba.

Nikamfuata madam, nikamwambia ukweli wote, kaburi na yote. Akanipa masaa matatu.

Saumu hakuwa zamu, akaja kunisindikiza. Njia nzima hakutaja shimo. Nimetia sahihi, majina yangu yote matatu. Fomu imetumwa kabla ya saa sita. Moyo mzito, lakini nimetia.

Jumapili, 23 Februari

Mama katuma sauti. Orodha imefungwa na shamba letu limo. Jana aliteremka na panga, akafyeka nyasi kando ya Baba, akaweka mawe manne pembeni.

"Nikalala hapo kidogo nipime. Natosha."

Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba aondoke. Kisha akaniuliza kama nakula vizuri. Nikamjibu ndiyo. Sikumwambia kwamba pale hapana nafasi yangu.

Saumu kapika wali wa nazi, tumekula sahani moja. Nikamuuliza hapa Wakristo huzikwa wapi. Akasema hajui, ataniulizia.