Kwetu Hata Ndama Analala Ndani

Basi mdogo wangu Mama Yosefu, jana nikamnyang'anya mkwe kile kitambaa chake cheusi, nikamfunika mtoto, nikaingia naye ndani. Hujambo lakini? Mguu umepona? Sabuni imefika Babati, au bado mnafulia majivu? Huku Norwe imejaa, ila jua la kuanikia hakuna. Tangu nije halijatoka, mchana ni alfajiri isiyokwisha.

Nimechukia, nakuambia. Mjukuu hajakaza hata shingo, eti analazwa nje kwenye kigari, theluji inamwagika, ndiyo apate usingizi mzuri! Kwetu hata ndama wa jana analala ndani karibu na moto. Na baba mtu amechuchumaa palepale, anakinga theluji kwa kitambaa, anaichungulia kwa kioo cha kukuzia. Ndiyo kazi yake, mtu mzima na ndevu zake.

"Mama, maua yangu!" Mkwe huyo, chembe za theluji anaziita maua. Yameyeyuka yote ndani.

"Na hili ua ulilozaa je?"

Juzi alinivuta mkono nikaangalie. Mkwe, ananishika mkono! Haya, nikaangalia. Kweli, kidude kina ncha sita, kama kimeshonwa na masista. Anasema hakuna viwili vinavyofanana, kila kimoja kinachanua kwa baridi ya huko juu kilikopita. Nikamwambia hata mahindi ya kwetu Sigino hayafanani, tunakula tu. Anasema katikati kuna punje ya vumbi, barafu inaanzia hapo. Vumbi! Nimeacha vumbi la Babati, nikapanda ndege, nije nionyeshwe vumbi lililovaa kitenge! Nikacheka, pumzi ikakigusa, kikafa. Akaninunia. Vumbi analibania pumzi, mtoto anamwanika!

Na samaki wanawaozesha kwanza ndipo wale. Phu!

Paulina anaandika huku anacheka. Andika, mwanangu, usiruke. Naye, mama mzazi wa mtoto, ameshakuwa wa huku, eti, "Mama, mguse shingo, ana joto." Nimemgusa. Ana joto, sikatai. Nachukia vilevile. Leo wamemtoa tena, nikaapa huko nje sikanyagi, mtoto ni wao.

Nisalimie shemeji na ng'ombe zake, na mama mkwe wako, mwambie ugoro wake umenisaidia sana hapa. Na yule binti yako wa kwaya, mwambie kama kuna mzungu anamtazama…

Ngoja. Mkwe anaita huko nje.

"Mama! Ameamka, analia!"

Si nilisema? Paulina, lete blanketi. Lete, wewe!

*Mama mdogo, shikamoo. Mama ametoka nje bila viatu. Paulina.*