Sanduku ya gesi ya Beatrisi

Mama Beatrisi, bibi yangu mwenye kubaki nyumbani Mahagi-Port,

Nakusalimia na mukono yangu mwenyewe, hakuna mutu ameniandikia. Bunia imetulia, lakini mimi siamini hii utulivu: hapa katika mtaa ya Saio watu wanafunga mulango na jua iko bado juu.

Mutoto yetu Beatrisi anaomba baraka aende Ulaya kufanya kazi na mashine ya kupiga. Nilikatala. Siye tumezika watu ya kutosha tangu vita. Nikamuuliza, "Munapiga nani?"

"Papa, hatupigi mutu! Kuna sanduku imejaa gesi ya heliamu, ile ya kurusha baluni za ndoa. Tunarusha vipande vidogo sana vya atomu, vinagonga ile gesi. Ni vile nyota zinapika atomu mupya huko juu, tunataka kujua."

"Na mushahidi ni nani?" Unanijua, mama, hata machefu ya kijiji wananiitaka kwa mashauri.

"Ni gesi yenyewe. Pale inagongwa inaacha alama, siye tunaisoma."

"Mwenye kugongwa ndiye munasikiliza?"

"Yeye tu, Papa."

Hapa Ituri mwenye kupigwa akifungua kinywa, wanamuambia anyamaze. Nikamutemea mate ya baraka mukononi. Ile mashine ninaishuku bado, lakini mutoto aende.

Jifunike vizuri, upepo ya ziwa isikuingie kifua. Ukitaka kulia, lia kidogo. Mimi silii, unanijua.

Bwana yako,
Muzee Yozefu